Gasketi ya Kadi ya Chama

Mimi ni fundi wa injini, si mganga, lakini watu wa Kibiti hawataki kuelewa tofauti. Wanakuletea kitu kimekufa, kimeliwa na kutu mpaka ndani, halafu wanasimama pembeni wamefunga mikono, wakingoja ukitemee mate kiamke. Mangi Gasper alikuwa hivyo hivyo. Duka lake lilitazamana na banda langu, ng'ambo ya barabara. Mchaga wa Machame, mtu wa kucheka kwa sauti, alikuwa amehamia kwetu akitokea Dar es Salaam mwaka mmoja tu uliopita. Hiyo ilikuwa 1993, biashara zimeachiwa huru, mashirika ya umma yanafungwa moja baada ya jingine na mali zake zinapigwa mnada. Wenzake walikwenda mnadani wakarudi na mabati. Yeye alirudi na kigari.

Kigari chenyewe nilikifahamu. Wahandisi wa Kizungu waliotengeneza barabara zamani, nikiwa bado mwanafunzi wa darasa la nne, walikuwa wakikiendesha Jumapili porini kwa kujifurahisha. Hakina bodi wala mlango. Ni mabomba yaliyochomelewa, kiti kimoja, usukani mdogo, na tairi nne nene za kukanyagia mchanga. Kilikaa stoo miaka ishirini bila kuguswa. Gasper alikitaka kwa ajili ya shamba lake la mananasi kule Bungu, ambako baiskeli inazama mchangani na gari kubwa haliingii.

"Fundi," aliniambia, "hiki mpaka Ijumaa kiwe kinatembea."

Injini yake ilikuwa imenoki. Pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda kama imechomelewa. Niliilowesha dizeli siku tatu, nikaigonga kwa gogo, nikaitukana, haikusogea. Spea zake hazikupatikana hata Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea. Nikamwambia Mangi ukweli: hii ni ya kuzika, tafuta nyingine. Akacheka, akaenda nyuma ya duka, akarudi na toroli. Juu yake kulikuwa na injini ndogo ya petroli iliyopakwa rangi nyekundu mpaka kwenye boliti.

"Nimeitunza tangu nikiwa Dar. Ilikuwa inaendesha jenereta yangu. Hii itafaa?"

Nikasema itafaa sana. Aina ile nilikuwa naijua kuliko ninavyowajua shemeji zangu. Zilikuwa injini za pampu za maji za mradi mmoja wa mpunga kule bondeni. Mradi ulipokufa zikauzwa kama njugu, kila mtu anayo.

Nikatoboa sahani ya chuma, nikaifunga injini kwa boliti nne nyuma ya kiti, nikavisha mnyororo. Alhamisi saa nne asubuhi Mangi akapanda, amevaa miwani ya jua. Watu wakajaa. Nikavuta kamba mara mbili, injini ikaitika. Akakanyaga mafuta huku akitazama mbele, upande wa Bungu, na kigari kikaruka kinyumenyume.

Sijawahi kuona mtu akishtuka vile. Kilirudi nyuma kwa kasi, Mangi ameshika usukani na mdomo wazi, kikapita katikati ya watu waliokuwa wakikimbia, kikapanda sinia la vitumbua la Mwanawetu, kikaishia kwenye ua wa makuti wa msikiti.

"Kibwana!" Mwanawetu alinipigia kelele mimi, ameshika kichwa. "Watuletea majini mchana kweupe? N'nani atakayenilipa vitumbua vyangu?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilitaka ardhi ipasuke nizame. Kosa lilikuwa langu, tena la kijinga: injini ile inazunguka upande mmoja tu, na nilikuwa nimeifunga imegeukia kulia badala ya kushoto. Mwanafunzi wa ufundi angeliona. Lakini mimi injini za aina ile nilikuwa nimezizoea kwenye mitumbwi, na kwenye mtumbwi upande wa mzunguko haukusumbui. Ukikosea unabadilisha pangaboi, basi.

Mtu wa kwanza kufunga injini ya pampu kwenye mtumbwi katika delta yote ya mto wetu alikuwa mimi. Nilimfungia mdogo wangu Shaabani, aliyekuwa akibeba mchele na kamba wabichi kutoka Mbwera kwenda Nyamisati. Walitucheka kwanza, halafu wakaja kuomba tuwafungie na wao. Shaabani alikuwa na kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mwaka 1991, baada ya mvua za masika, alikwenda Dar es Salaam akasema anakwenda kutafuta soko la kamba. Mwezi ukapita. Utingo wa lori akanishushia karatasi iliyokunjwa, imeandikwa na rafiki yake mmoja wa huko, mwandiko wa kuku. Maneno yake nayajua kwa moyo: *Kaka Kibwana, Shaabani kazamia bandarini juzi. Msimtafute. Salamu kwa mama.*

Niliyasoma nimesimama mlangoni kwa mama, nikapiga yowe. Kazamia bandarini. Kafia majini, pale bandarini, hata mwili hakuna. Ile salamu kwa mama ilinikera, nikasema huyu mwandishi ni mpumbavu asiyejua kuandika taarifa ya msiba. Tukamsalia ghaibu. Tukasoma hitima. Mkewe, Mwanaamina, akakaa eda miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha, mama akaniita, akasema mwanamke huyu hana mtoto, akirudi kwao Mbwera atakuwa ametutoka kabisa, na yeye ndiye kitu pekee alichoacha mwanangu, muoe wewe. Nami sikuwa na mke. Nikamuoa mapema mwaka uliofuata. Mama alikufa mwaka huo huo, amekonda, hata uji haupiti. Sasa tulikuwa na binti, Mashavu, wa miezi mitano.

Kwa hiyo nilipokuwa napigwa vicheko siku ile, nilimkumbuka marehemu Shaabani. Yeye angecheka kuliko wote.

Ijumaa asubuhi niliifungua injini ili niigeuze. Nikaona inavuja oili ubavuni, kwenye mfuniko wa valvu. Mangi alikuwa amekaa kwenye ndoo karibu yangu, anakunywa chai, anaulizia kama kitawahi kutembea kama magari mengine. Nikalegeza boliti mbili, nikabandua mfuniko. Gasketi, ile karatasi ya kuzuia oili isivuje, ikabaki imeshikana na chuma. Nikaichokonoa kwa ncha ya kisu.

Haikuwa gasketi ya dukani. Ilikuwa karatasi ngumu iliyokatwa kwa mkasi, upande mmoja rangi ya kijani. Nikaipangusa kwa kitambaa. Kando yake, pale mkasi ulipopita, palikuwa na mwandiko wa wino uliosalia: *haabani*. Na chini yake tarakimu tatu za namba.

Gasketi ile niliikata mimi. Nakumbuka hata mahali nilipokaa. Hatukuwa na karatasi ngumu siku ile kule Mbwera, na Shaabani akachomoa mfukoni kadi yake ya chama, akanitupia. "Kata hiyo, kaka. Tangu niipate haijanipa hata kilo ya sukari." Nikamwambia utafungwa. Akasema nani atafungua injini kutafuta kadi.

Lakini injini ile ilikuwa kwenye mtumbwi. Mtumbwi tuliukuta Nyamisati umefungwa mtini, hauna injini, nikasema wezi. Sasa wezi wameipeleka Dar?

"Mangi," nilisema. "Hii injini ulinunua kwa nani?"

"Kwa kijana mmoja, Gerezani. Miaka miwili sasa. Mweusi, mrefu, ana pengo hapa." Akagusa jino lake la mbele. "Alikuwa na maneno mengi! Alinichekesha. Alikuwa anaiuza haraka haraka kwa sababu anazamia."

"Alizama," nikasema. "Alizama bandarini. Huyo alikuwa mdogo wangu."

Mangi akaweka kikombe chini. "Pole sana, fundi. Kumbe walimtosa?"

"Nani wamtose?"

"Si wenye meli? Maana wengine wakiwakamata katikati ya bahari..." Akanitazama, akaona simwelewi. "Fundi, nakwambia alikuwa anazamia. Kuzamia meli. Hamlisemi huku? Vijana wa Dar wanajificha ndani ya meli ya mizigo pale bandarini, inaondoka nao, wanakwenda kuteremkia Ugiriki, Afrika Kusini, popote. Ndiyo kuzamia. Aliniambia meli yake ni ya Jumatano."

Spana iliniponyoka ikanipiga kidole cha mguu. Niliiona ikinipiga, sikuisikia. Kazamia bandarini. Msimtafute. Salamu kwa mama. Barua haikuwa na upumbavu wowote. Mpumbavu alikuwa msomaji. Mtu aliondoka na meli, mimi nikamsomea hitima.

Halafu jambo la pili likanijia. Kama Shaabani hakufa, Mwanaamina si mjane. Ni mke wa mtu. Nimeoa mke wa ndugu yangu naye yu hai, nimezaa naye mtoto, na mtoto huyo ni nini? Nilishika ukingo wa kigari. Mangi alikuwa akiniuliza kama naumwa. Nikaikunja gasketi ndani ya kitambaa, nikaondoka nikimwacha na injini wazi na boliti zimetapakaa.

Nilitaka kwenda kwa shehe kwanza, nikamuulize kwa mafumbo, kama watu wanavyouliza habari za jirani. Nilipofika njia panda, miguu ikanipeleka nyumbani.

Mwanaamina alikuwa uani anapepeta mchele wa Chumbi. Mtoto amelala ndani. Sikusalimia. Niliweka gasketi juu ya ungo, kwenye mchele.

"Imetoka kwenye injini ya Mangi," nilisema. "Shaabani aliiuza mwenyewe kwa mkono wake. Hakufa, Mwanaamina. Kazamia. Unajua maana yake? Kaingia ndani ya meli. Yupo. Na mimi na wewe..." Machozi yalinitoka hapo hapo, mtu mzima na mafuta ya injini mikononi.

Hakupiga kelele. Alikiokota kile kikaratasi, akapangusa punje za mchele zilizokigandia.

"Kuzamia najua maana yake, Baba Mashavu," alisema. "Nimelelewa Temeke, Dar, kwa shangazi."

Yeye akainuka, akaingia ndani. Nikasikia sanduku likifunguliwa. Akarudi na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akanipa kwa mikono miwili.

Ilikuwa talaka. Mwandiko wa Shaabani mwenyewe: amemwacha mkewe Mwanaamina kwa hiari yake, hamdai wala hadaiwi, na saini ya shehe wa Mbwera pamoja na shahidi. Tarehe ilikuwa siku mbili kabla hajaondoka, mwezi mzima kabla ya ile barua.

Nikaisoma mara tatu. Nilihesabu kwa vidole, miezi ya eda aliyokaa, siku tuliyofunga ndoa. Ilitosha, ikabaki. Alikuwa huru siku niliyomuoa. Ni mke wangu wa halali, na Mashavu ni binti yangu wa halali. Kwa muda mfupi nilikuwa na furaha, nasema kweli, nilitaka kucheka.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme lini? Siku ya barua? Wewe ndiye uliyesoma, ukapiga yowe kabla hujaikunja. Watu wakajaa, wanawake wakanikumbatia, wananiita maskini. Nisimame katikati yao niseme hajafa, ameniacha? Ya kuwa kanipa karatasi kaniambia rudi kwenu Mbwera na godoro lako? Sikusema kwamba amekufa. Hata siku moja. Kumbuka vizuri."

Nilikumbuka. Kweli hakusema. Alilia tu, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Kumbe kila mtu pale alikuwa akilia chake.

"Nilisema nitawaambia baada ya arobaini," akaendelea. "Halafu baada ya eda. Halafu mama akakuita akakwambia unioe, nikaona, basi, Mungu amenisitiri."

Alipomtaja mama, ile furaha yangu ndogo ilikatika. Nilimwona mama amelala ubavu, uso ukutani. Alikuwa akisikia muungurumo wa injini bandani kwangu anainua kichwa. Hakutaka chakula. Alikuwa akiniuliza kila siku, kwa sauti ile ile ya kubembeleza, kama haiwezekani nikaenda Dar es Salaam nikamtafutie hata mfupa mmoja, azike kitu.

"Mwanaamina," nilisema. "Mama alipokuwa anaomba mfupa wa mwanawe, wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale kitandani," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono."

Ndani, Mashavu aliamka akaanza kulia. Hakuna kati yetu aliyekwenda kumchukua.