Samaki Saba wa Baba

Baba aliapa mezani, mbele ya kaka zangu, mkate wa tortila ukiwa mdomoni: nikiwashinda kwenye shindano la kuchoma samaki-simba kwa mkuki, msimu wa kambakoche ukifunguliwa nitapanda chombo chake kama mpiga mbizi. Nikishindwa, nirudi barazani nikatengeneze hereni kwa mapezi ya samaki hao hao, na habari hiyo isizungumzwe tena nyumbani kwake. Nazario na Delfino walicheka mpaka Delfino akapaliwa. Sisemi uongo, nilifurahi alivyopaliwa.

Hapa kijijini kwetu Sarteneja hakuna anayempenda samaki-simba. Sura anayo, na mistari yake na ile miiba ya sumu anayoitandaza kwa maringo, lakini si wa bahari hii. Kwao wapo wa kumla. Huku hana anayemgusa, basi anakula samaki wachanga mwambani kutwa kucha. Ndiyo maana kwake hakuna sheria ya ukubwa. Awe kama sinia au kama kidole, shindanoni ni mmoja.

Nilizamia na binamu yangu Anelsi. Baba alituendeshea mashua kwa sharti kwamba hatatusaidia kuchoma hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kupokea ndoo, avae glavu nene, awahamishie samaki kwenye sanduku la barafu.

"Ukichomwa mwiba usinililie," aliniambia. "Maji ya moto yamo kwenye chupa. Tia mkono, nyamaza."

"Na wewe baba ukisinzia usikorome. Utatufukuzia samaki."

"Zama huko."

Siku ile mwamba ulinipenda. Nilishuka kichwa chini, nikachungulia chini ya kila jiwe la tumbawe, na humo nikawakuta, watatu watatu, wamening'inia bila wasiwasi. Samaki-simba hakimbii. Anakuangalia tu na kujitanua, wewe unavuta mpira wa mkuki na kuuachia. Wadogo ndio walionitoa jasho, maana wanajibana kwenye vishimo. Wale nilikuwa nikiwapata nacheka peke yangu ndani ya maji. Kila ndoo niliihesabu na Anelsi kabla ya kuipandisha. Honi ilipolia tulikuwa na hamsini na tisa.

Ufukweni waamuzi walianza na meza ya kaka zangu. Hamsini na watano. Nilikata kiuno hapo hapo na suti yangu ya kuzamia, na Anelsi akapiga vigelegele.

"Ngoja kwanza, dada," Nazario alisema. "Utaaibika."

Wakaja kwetu. Mwamuzi, Bi Orfelina, alihesabu taratibu, akarudia. "Hamsini na wawili."

"Hesabu tena, mama," nilisema. "Ni hamsini na tisa."

"Nimehesabu mara mbili, binti."

Nilimgeukia baba. Alikuwa amevua kofia na anaitazama ndani, utadhani kuna kitu kimeandikwa humo.

"Baba, wako wapi wengine?"

"Wale wadogo," alisema polepole, "niliwarudisha."

"Uliwarudisha wapi?"

"Majini."

Miaka thelathini na mbili baba amepima kambakoche kwa rula, na aliyepungua anarudi baharini. Mkono wake ulifanya kazi yake bila kumuuliza.

"Eliseo," Bi Orfelina alimwuliza, "uliwapima na hawa?"

"Rula ilikuwa mfukoni," baba akajibu.

Ufuko mzima ulilipuka. Watu walishika mbavu, Delfino akakaa chini mchangani. Mimi sikucheka. Machozi yalinijaa, maana nilishinda na nikashindwa siku moja, kwa mkono wa baba yangu mzazi.

"Kinachohesabiwa ni kilicho mezani," Bi Orfelina alisema kwa huruma. "Washindi ni Nazario na Delfino."

Kaka zangu waliinua mikono. Baba akavaa kofia, akasogea mpaka katikati ya zile meza.

"Mezani wameshinda wao," alisema, kwa sauti ambayo huitumia kwenye upepo. "Mwambani ameshinda huyu. Na mimi niliapa juu ya kuchoma, si juu ya kuhesabiwa mezani."

"Lakini baba," Delfino alianza, "chombo kimeshajaa. Atakaa wapi?"

"Wewe si mshindi? Mshindi hupumzika. Kaa nyumbani utengeneze hereni."

Hapo hata mimi nilicheka, na machozi yangu usoni. Baadaye Delfino aliachiwa nafasi yake, tukajibana. Lakini pale ufukweni, wakati wanawake wanagawa samaki-simba wa kukaanga na pilipili, baba alinipitia na sahani yake na hakunitazama usoni.

"Msimu unafunguliwa Jumatano," alisema. "Saa kumi alfajiri uwe gatini. Ukichelewa tunakuacha."

Maneno hayo kaka zangu wameyasikia kila mwaka na kila mwaka wameyanung'unikia. Mimi niliambiwa kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na sita, na sijawahi kutishwa vizuri namna ile.