Namba Shingoni mwa Babu Wilondja

Godelieve alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwa mama yake, pale mjini Baraka kando ya ziwa, mtoto wake mgongoni, wakati sanamu namba 417 ilipoingia. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Miguu yake ya mti ilikuwa na mchanga wa kijiji cha Lweba.

Aliitambua. Yeye ndiye aliyeiandika ile namba nyeupe shingoni, ndani ya ghala la makumbusho huko Ulaya, alipoanza masomo ya uzamili ya urithi wa utamaduni. Sasa alikuwa amerudi kwa majuma matatu tu, kwa utafiti wake.

"Karibu, Babu, ikala," alisema mama yake, Dorothée. "Ngozi yako imekauka sana."

Mzee akaketi. Kimo chake kilikuwa cha mtungi.

"Mi ni Wilondja, wa Lweba," akasema. "Kule kadi yangu inasema sijulikane. We mujukuu uliandika namba. Andika na jina."

Hakuomba kingine, ila mikebuka, wale samaki wa ziwani, ya kuchoma.

Godelieve akamwandikia profesa wake kwa simu. Jibu lilifika kabla sombe haijachemka. Kifaa kirudi Jumatatu saa tatu asubuhi. Na hilo jina, chanzo chake nani?

"Ni yeye mwenyewe," Godelieve akajibu.

"Kifaa hakijitolei ushahidi. Leta kitabu kilichochapishwa."

Wakati huo Dorothée alikuwa akimfanyia mzee kama anavyofanyiwa kila mgeni aliyetoka mbali: alimwogesha, akampaka mawese kichwani hadi miguuni. Nyufa zikalainika. Godelieve akampiga picha, akaituma, ili profesa amwone uso. Profesa akaangalia shingo. Namba ilikuwa imebaki kwenye kitambaa cha kumpakia mawese.

"Umeharibu kifaa," akaandika. "Bila namba hiyo, hakuna diploma."

Rosette, jirani aliyekuja kuazima mchi, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bazungu bamekufundisha miaka mbili kuandika babu yako namba, sawa mbuzi ya soko? Ata miye naweza, na sikusoma!"

"Nyamaza, Rosette," alisema Dorothée. Lakini naye hakumtazama binti yake.

Godelieve alimshusha mtoto mgongoni. Alimwacha ana miezi mitano; kutembea kwake alikuona ndani ya simu.

"Babu, ile namba sitaiandika tena," akasema. "Ile diploma ibakie kwao."

Mzee alimaliza mikebuka yake, akalamba vidole, kimoja kimoja.

"Ukiikosa, nani wa kwetu ataingia tena mule ndani kutuangalia? Tuko wengi. Leta rangi."

Akainamisha shingo.

Rangi ilikuwa ile ya kuandikia majina ya mitumbwi. Godelieve aliandika 4, akaandika 1, akaandika 7. Mtoto alishika sikio la mzee ili asitikisike.

Jumapili walimsindikiza hadi ziwani, na mikebuka miwili kwenye jani la mgomba. Jumatatu saa tatu alikuwa kwenye rafu yake kule makumbusho. Samaki waliandikwa kuwa uchafu wa asili isiyojulikana, wakatupwa.

Mwezi wa saba Godelieve alipata diploma. Kadi ya 417 haikubadilishwa. Katika ripoti yake profesa alisifu jambo moja tu: mkono wa mwanafunzi huyu, aliandika, ni safi sana kwenye namba.