Baada ya Uzamivu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa ofisini kuhusu mkataba wangu. Mimi ni mtafiti wa baada ya uzamivu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipima kaboni ambayo bahari inaivuta kutoka hewani, na ripoti yangu ilitakiwa asubuhi.

Karani aliniangalia juu ya miwani. "Dokta Salha Kihiyo, uzamivu ulimaliza lini?"

"Mwaka juzi."

"Basi umekosea mlango. Wanaozama ni hapa. Waliokwisha kuzama ni chini zaidi."

Akafungua kabati la mafaili. Ndani kulikuwa na ngazi za saruji zilizoshuka majini. Nikauliza kama nitapewa mtungi wa hewa. Akasema mitungi ni ya wanafunzi.

Nashuka. Mwanga unaisha, masikio yanauma, naendelea kushuka. Kila mita elfu kuna kibao: TAFADHALI USIPUMUE, UPIMAJI UNAENDELEA.

Mita elfu nne chini kulikuwa na ghala. Mtunza ghala alikuwa jongoo bahari aliyevaa koti la maabara, vifungo vyote vimefungwa. Alionekana amenizidi umri, kwa hiyo nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kagua."

Kaboni ilikaa kwenye rafu, vipande vidogo vyeusi kama makaa. Kila kimoja kilikuwa na lebo shingoni ya muda wa kukaa: MIAKA ELFU MOJA. Lakini vingine vilikuwa vimeshuka kwenye rafu na kupanga foleni mlangoni.

"Mnakwenda wapi?" nikauliza. "Mna miaka mingapi hapa?"

"Arobaini," kikajibu cha mbele. "Hapa hapalaliki tena. Tunarudi juu."

"Na wageni kutoka juu?"

"Wageni hawashuki kama zamani," alisema jongoo. "Maji ya juu yamepata joto, yamekuwa mepesi. Yanaelea tu huko huko."

Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyapima. Nikageuka nitafute karatasi, na ghala likawa maabara yetu ya Tanga. Maji yalibaki. Nyuma ya meza alikaa msimamizi wangu, Profesa Nyagawa, na pembeni yake wale wasomaji wawili wanaopitia makala bila kutajwa majina. Hawakuwa na nyuso.

"Ni neno moja tu, Salha," alisema Profesa. Alikuwa ameniambia hivyo hivyo jana mchana, tukiwa nchi kavu. "Umeandika uwezo wa bahari kumeza kaboni unapungua. Andika umetulia."

"Haujatulia, Profesa. Angalia foleni."

"Nimeiona. Nina watu wanane kwenye maabara hii. Wafadhili wameshawaahidi wakubwa zao kwamba bahari itabeba. Ukiandika unapungua, mradi unafungwa, na mkataba wako ndio wa kwanza."

"Asiyesahihisha hapandi tena juu," wakasema wasomaji kwa pamoja.

"Basi nitakaa."

Jongoo akanisafishia rafu. Akanivisha lebo, akaniuliza kama kamba inabana. Nikasema haibani.

Profesa alikuwa anaangalia pembeni. Nikamwambia, "Mwaka ule boya letu la vipimo lilipopotea kwenye dhoruba, tulitaka kuzikisia namba za wiki tatu. Wewe ndiye uliyetukataza. Ulisema pengo liachwe wazi, watu walione."

"Nilikuwa sijawa mkuu wa maabara."

Sikuwa na karatasi. Nikapiga magoti, nikaandika kwa kidole kwenye tope la sakafu: UNAPUNGUA. Wasomaji wakaja wakafuta kwa viatu. Nikaandika tena, kubwa zaidi. Wakafuta. Naandika mara ya tatu, kila herufi ndefu kuliko mimi, na wao wananifuata nyuma wakifuta.

Ndipo foleni ikavunjika. Kaboni ikaja kipande kimoja kimoja, ikalala ndani ya mifereji ya herufi, nyeusi tii. Wasomaji wakasugua, wakasugua. Hakuna kilichotoka.

"Hamkusema hapalaliki?" nikaiuliza.

"Hapa tunalala," ikajibu.

Profesa Nyagawa akaondoka mezani. Alisimama kwa muda akilisoma neno.

"A yako ya mwisho haijafika chini," alisema.

Akakunja mikono ya shati, akapiga magoti kando yangu, akaimalizia kwa kidole chake.

Niliamka kumekucha. Nikakagua mikono yangu, ilikuwa mikavu na safi. Shingoni hakukuwa na lebo. Ilikuwa ndoto tu, na Profesa wa kweli hakuwa amepiga magoti mahali popote. Nikakaa kitandani nikiogopa kama kawaida.

Kisha nikafungua kompyuta. Neno lilikuwa pale pale, unapungua, ukurasa wa mwisho. Sikuligusa. Nikaituma ripoti kwa wafadhili na kwa Profesa, halafu nikampigia simu mwenyewe, nisije nikaonekana nimemkimbia.

"Shikamoo Profesa. Nimeshatuma. Sikubadilisha neno."

Nyuma yake nilisikia bomba la maji likifoka.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Vizuri. Kama wataufunga mradi, utafungwa na wewe ukiwemo. Ngoja nikupigie baadaye, Salha. Ninasugua kucha tangu alfajiri, na hili tope halitoki."