Kadi ya Chiriku

Jumamosi saa nne asubuhi, fundi cherehani alisimama mbele ya meza ya mkutubi, uzi mweupe umemning'inia begani, amemshika mkono binti yake wa miaka minane. Mtaani walimwita mtoto huyo Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo.

"Ana miaka mingapi?" mkutubi aliuliza. Hadithi za njozi alizipanga kwa umri: karatasi ya njano mgongoni mwa kitabu kwa watoto wadogo, ya kijani kwa wa miaka kumi na mitatu, nyekundu kwa kumi na sita, nyeusi kwa watu wazima.

"Kumi na mitatu," mama akasema.

"Mama, si minane?"

"Hebu nyamaza." Mama mapacha, jirani yao, alikuwa kwenye foleni, na mapacha wake walishapewa vya kijani.

Mkutubi aliandika kwenye kadi alichoambiwa. "Unapenda nini, mwanangu?"

"Majoka! Ila yasiyokula watu. Kama lazima yale, yaanze na wavulana wa darasani kwetu."

Jumatatu sketi ya shule ilimfika Chiriku juu ya magoti. Mama alishusha pindo, kazi ya dakika kumi. Jino la maziwa lililokuwa likilegea, hakuna aliyeona lilipoangukia. Mwalimu alimhamishia dawati la nyuma, asiwazibie wenzake ubao.

"Nilikuambia huyu wangu kichwa chake si cha mchezo," mama alimwambia jirani.

Jumamosi iliyofuata alitaja kumi na sita. Pindo la kushusha halikuwepo tena, akamshonea gauni. Chiriku alianza kujibu kwa neno moja moja. Jumamosi ya tatu mapacha walichukua vyekundu, kwa hiyo mama akasema, "Huyu mwandike mtu mzima."

Jumamosi ya nne mama na Chiriku walikuja wamelingana mabega.

"Nipe cha njano," mama alisema. "Nipe hata vitano."

"Vitabu ninavyo," mkutubi akajibu. "Ila havirudishi mtu nyuma, dada."

Chiriku alisoma kimoja palepale, amesimama. Alipomaliza alikifunga taratibu, akakirudisha mezani kwa mikono miwili.

"Kizuri," alisema. "Kingemfaa mtoto."

Nyuma yao mwanamke mwenye mtoto wa miaka sita alikuwa akisema, "Andika kumi na mitatu."

"Mwenzangu," fundi alimwambia, "taja miaka yake. Nakusihi."

Mwanamke alimtazama Chiriku juu hadi chini. "Wako amekua vizuri hivi, halafu wangu asikue? Acha roho mbaya, dada."

Mkutubi aliandika kumi na mitatu.

Nje, Chiriku alimshika mama yake mkono, akaangalia magari huku na huku, akamvusha barabara. Mama alisubiri aseme chochote, hata cha majoka. Walifika nyumbani kimya.