Jiwe la Kuoshea Mabomba

Tusekile alitumwa Isongole baada ya watu wa bondeni kulalamika kwamba kaa wametoweka mtoni. Alikuwa mpimaji wa maji, na kijito kile alikijua vizuri, kwa kuwa alilelewa kwa baba yake mdogo, Lukasi, akichota maji hapo hapo.

Alianzia juu, ukingoni mwa msitu. Akatega wavu, akavuruga mawe kwa miguu, kilichonaswa akakimimina kwenye beseni jeupe. Wadudu mia moja na kumi na wawili, wengi wao wale wenye mikia mitatu ambao hawavumilii maji machafu. Akashuka hadi chini ya mashamba ya viazi, akapata minyoo minne myekundu, ile inayostahimili uchafu. Akarudia mara tatu, asije akawa amekosea. Minyoo tu.

Basi akapanda taratibu kando ya maji, hata akafika kwenye jiwe bapa lililozungukwa na chupa na pakiti tupu za dawa za viazi. Lukasi alikuwa amechutama hapo, anasuuza bomba la kupulizia. Povu lilikuwa linateremka na maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kupima nini?"

Akamwonyesha beseni. Lukasi akaitazama ile minyoo kwa muda.

"Hapa tunaosha wote," alisema. "Miaka yote. Na hajafa mtu."

"Wadudu wamekufa, baba. Ndio chakula cha kaa."

"Utaandika jina langu?"

"Natakiwa kuandika mahali."

"Mahali pana mwenyewe."

Tusekile aliandika: jiwe, mpakani mwa shamba la Lukasi. Alipokuwa ameshapanda bodaboda ndipo akakumbuka kuwa hakuaga.

Maji aliyochota pale yalipimwa maabara, ikathibitika yana dawa za viazi. Kijiji kikapiga marufuku kuosha mabomba mtoni, likachimbwa shimo la kuoshea mbali na maji. Mkutanoni taarifa ilisomwa yote, na jina la Lukasi likiwamo. Krismasi ile hakuja kula na ukoo. Alisema mgongo unamuuma.

Mwezi wa nne Tusekile alirudi kupima. Chini ya mashamba wavu ulileta wadudu tisa. Kaa bado.

Njiani alikutana na Lukasi akipandisha ndoo ya maji kuelekea shimoni. Akamwamkia. Lukasi aliitikia, akahamishia ndoo mkono wa pili, akaendelea na kilima chake.