Mfuniko wa Sufuria

Mfuniko ulianza kutikisika, kidogo kidogo kwanza, halafu kwa fujo, na mama akaniita kutoka chumbani: "Kitinda! Yamechemka hayo!" Ungedhani nipo safarini. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wake, jasho likinichuruzika mgongoni, nikiyaacha maji yatokote vizuri ndipo niyaepue.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili. Cha ndani kilikuwa chake. Cha mbele kilikuwa na kitanda changu, cherehani yangu chini ya dirisha, na jiko la mkaa kizingitini ili moshi upate pa kwenda. Mimi sikuwa na pa kwenda.

Kiharusi kilikuwa kimempoozesha mama upande mmoja, na baadaye tumbo la kuhara likamkausha nusura tumpoteze. Daktari alituonya kwamba maji ya bomba asiyaguse kabla hayajasafishwa. "Chemsheni, tieni dawa, chujeni. Chagueni mnaloweza." Njiani nilicheka peke yangu. Tuchague! Katika nyumba ile mama ndiye aliyekuwa mchaguzi tangu sijazaliwa. Alikwisha chagua kwamba kaka aende kutafuta maisha na mimi, kitindamimba, nibaki.

Hata hivyo nilijaribu. Nilianza na dawa ya matone. Mama alinusa kikombe akanirudishia. "Haya ni ya kunywa au ya kufulia?" Nikajaza maji kwenye chupa nikazilaza juu ya bati, jua liyapige kutwa. "Maji yanaanikwa kama nguo? Basi na pasi uyapige." Nilicheka mpaka hasira zikanitoka, nikarudi kwenye sufuria.

Kisha Fundi, mwanamke aliyenifundisha kushona, akafungua karakana ya sare za shule katika mji mwingine. Alinitumia ujumbe: cherehani moja haina mtu, njoo. Niliusoma nimepiga magoti, napuliza mkaa, na moyo ukanienda mbio kama wa msichana aliyeposwa.

Nilimfuata jirani yetu. "Mama yako ni mama yangu," alisema. "Nitamlisha, nitamwogesha, nitamgeuza. Lakini kukaa na jiko lenu kutwa nachunga maji, mdogo wangu, hapo nimeshindwa."

Kwa hiyo nililia kwa kaka, na kaka akaleta chujio: ndoo mbili zimepandana, na bomba dogo chini. Jirani alilifungua na kulifunga. "Hili hata nikiwa usingizini naliweza."

Mama aliitazama ile mitambo kwa muda mrefu.

"Maji hayo nani anayasafisha?"

"Yanajisafisha yenyewe, mama."

"Ya kujisafisha yenyewe sinywi."

Ndipo nikajiona mjanja. Nilichuja maji, nikayapasha moto kidogo tu, nikampelekea yakiwa vuguvugu. Akanywa. Kesho yake akanywa tena, akafuta mdomo, akasema, "Haya sasa ndiyo maji." Nikapatana na jirani siku ya kuanza. Nikakunja nguo zangu. Nilikuwa naimba nikifagia, na mimi si mtu wa kuimba.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jioni niliyopanga kumuaga mama, nilimpelekea kikombe asikipokee.

"Mfuniko siku hizi hauchezi," alisema.

Nilikiweka kikombe chini.

"Mimi nalala hapa, mwanangu, nimetazama dari. Nikisikia ule mfuniko najua upo. Tangu chujio lije, kimya. Nikasema, kumbe Kitinda anafanya mazoezi ya kuondoka."

"Na bado umekuwa ukiyanywa?"

"Nilikuwa nakungoja uniambie."

Nikamwambia yote: karakana, cherehani isiyo na mtu, jirani. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Hakulia, maana mama hakuwa mtu wa machozi. "Nenda," alisema. "Nani amekushika?" Na mkono wake mzima ulikuwa umekamata pindo la gauni langu.

Nilimchukia kwa muda ule, nasema wazi, na nilimpenda kiasi cha kushindwa kupumua. Nilivitoa vidole vyake kimoja kimoja kwenye nguo yangu, taratibu, nikaenda mbele, nikawasha mkaa. Mfuniko ulipoanza kucheza nilimsikia akikoroma.

Cherehani ya Fundi ilipata mtu mwingine. Lile chujio tulikuja kulitumia kuwekea unga, na unga haukuingiwa na wadudu hata mara moja. Nilishona palepale dirishani mpaka miwani ikawa lazima. Mama alizidi kuwa mwepesi, hata kumgeuza kukawa kazi ya mkono mmoja, lakini sauti yake haikupungua: "Kitinda! Yamechemka hayo!"

Alifariki wakati wa mvua. Tulipokwisha kumzika na wageni kutawanyika, kaka alitoka chumba cha ndani akanikuta nimeliinamia jiko.

"Dada, sasa upo huru," alisema kwa upole. "Nimezungumza na Fundi, karakana imekua, anakutaka bado. Kesho asubuhi tuondoke wote." Halafu akaiona sufuria, imejaa pomoni kama siku zote. "Hayo maji yote ya nani?"

Nilitaka kumjibu. Lakini mkaa ulikuwa umekwisha kolea, na mfuniko ulikuwa karibu kuanza. Nikamwomba anyamaze kidogo, nisikilize.