Lowe wa Anga

Ukifika Wetherlow ukaulizia nyumba ya Lowe, utaonyeshwa nyumba zote. Si utani. Pale makaburini, ukimtoa mchungaji mmoja wa kanisa aliyefia kazini na mchuuzi wa kondoo aliyezidiwa na theluji njiani, waliolala wote ni Lowe. Mwalimu wa shule alituambia jina letu ni la kale na lina maana zaidi ya moja. Kuna Lowe waliolipata kwa kukaa penye kilima, Lowe waliolipata kwa ufupi wao, Lowe ambao ni mbwa mwitu kwa lugha ya wale Wafaransa waliotutawala zamani, na Lowe ambao babu yao alikuwa Lawrence tu, likakatwa mkia. Basi kila nyumba ikajichagulia. Nyumba ya Mjomba Jabez, ambamo hajawahi kuzaliwa mtu wa kufikia komeo la juu bila kigoda, ilichagua mbwa mwitu.

Kwa hiyo jina halimtambulishi mtu. Kinachotutambulisha ni lakabu, na lakabu huja na nyumba, haichaguliwi. Kuna Lowe Mguu Mmoja, watu wenye miguu kamili, wanaoitwa hivyo tangu babu yao alipoacha wake mmoja mgodini. Kuna Lowe Ametoka, kwa sababu kila mchungaji alipobisha hodi, bibi wa nyumba ile alijibu hivyo. Lakini lakabu nzito kabisa ni zile za kisima.

Kila Agosti tunakivika maua kisima cha kijiji. Tunachukua mbao kubwa, tunazilaza bwawani mpaka zishibe maji, tunazijaza udongo wa mfinyanzi, halafu juu ya ule udongo tunachora picha ya Biblia kwa petali za maua, petali moja moja, kwa vidole. Jumamosi picha inasimamishwa kisimani, mchungaji anaibariki, wageni wanakuja na kamera, na baada ya wiki yote imenyauka inatupwa. Kila nyumba ina kazi yake. Lowe Mbao huloweka. Lowe Mchoro huzungushia mistari kwa vijitunda vyeusi vya miti ya mtoni. Sisi ni Lowe Udongo, tunaukanyaga kwa miguu kwenye pipa mpaka ulainike, na kwa kuwa kazi yetu huisha mapema, mimi Clem hubaki ghalani nikinywa chai na kuwachokoza wenzangu.

Na kulikuwa na Lowe Anga: Bibi Zillah, mjane, na bintiye Averil.

Anga ndilo lenye mateso. Linaanzia juu ya picha na kushuka mpaka katikati, mkono haulifikii lote kutoka pembeni. Picha ikiwa imelazwa ghalani, inabidi uwekewe ubao mwembamba juu yake, ulale kifudifudi, kichwa kikining'inia, na hapo ulipo huwezi kugeuka wala kushuka bila kuvuruga kazi ya wote walioinama kushoto na kulia kwako. Bibi Zillah alilala kwenye ubao ule tangu alipoolewa mpaka mgongo ulipokataa kunyooka. Averil akapanda badala yake, msichana bado, na mwaka ninaousimulia alikuwa karibu na thelathini.

Averil alitaka kuondoka. Hilo alilijua kila mtu, kama tunavyojua paa la nani linavuja. Rafiki yake wa shule, Rowena, alikuwa mpishi kwenye meli za abiria kule Plymouth, akampigia simu kwamba ipo nafasi jikoni. Mwaka wa kwanza tukamwambia Averil, "Nenda, mpenzi, ila baada ya kisima." Baada ya kisima nafasi ikawa imechukuliwa. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Hatukumfungia mlango. Tulimpa keki tu.

Safari hii Rowena alimwambia waziwazi kwamba nafasi ni ya Septemba, asipokuja asimpigie tena.

"Si uende?" nilimuuliza. Nilikuwa ndani ya pipa, udongo umenifika magotini, naye ameketi ukingoni akichambua haidrenja, yale maua ya buluu yenye vichwa kama kabichi.

"Nikienda, mwakani nani atapanda?"

"Watatafuta."

"Watatafuta wapi, Clem? Watamtazama mama, basi. Na mama hatakataa. Atapanda na ule mgongo, afie pale juu."

"Atakuwa karibu na mbinguni."

"Siku moja utacheka mahali pabaya, wewe."

Alizitenga petali kadhaa. Kisha akasema, "Unajua ninaowaonea wivu? Lowe Tu."

Nilicheka mpaka nikajishika ukingo wa pipa. Lowe Tu ndio watu tunaowahurumia kuliko wote. Zamani wao ndio waliokuwa Lowe Mbao. Mwaka mmoja hawakuziloweka mbao vizuri, zikaunyonya udongo maji yake, na wakati askofu amefumba macho anaomba, picha nzima ikamporomokea viatuni. Sheria ya kisima ni moja: nyumba ikiharibu kazi, kazi inahamia nyumba nyingine na lakabu inakwenda nayo. Wakabaki Lowe, basi. Ukimtaja Bernard wa nyumba ile, ukiulizwa Lowe yupi, unajibu Lowe tu, na watu wanatikisa kichwa.

"Agosti wao huwa wapi?" Averil aliniuliza.

"Pwani."

"Pwani," alisema, akatazama mikono yake iliyotiwa buluu mpaka kwenye kucha.

Sasa nieleze jambo ambalo kwetu mtoto wa miaka mitano analijua. Petali hupangwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia ile iliyo chini yake, kama vigae vya paa. Mvua ikinyesha inateleza juu yake na kushuka zake. Ukianzia juu kwenda chini, kwa mbali huoni tofauti. Ila tone la kwanza likipata mwanya linaingia kwa nyuma, na mwishowe kinachobaki ni udongo.

Picha ya mwaka ule ilikuwa Nuhu akimrusha njiwa. Anga kubwa, Nuhu mdogo. Averil alipanda Alhamisi asubuhi, akaanzia juu.

Alinieleza mwenyewe baadaye, kituoni pa basi. Alisema vidole vilikuwa vinamgomea. Kila petali aliyoibandika ilikuwa kama kumvua mtu viatu kwa nguvu. Chini yake Mjomba Jabez alikuwa akihangaika na ndevu za Nuhu, pembeni Maud Mchoro akiimba zaburi kwa sauti ya kutoboa masikio, na yeye katikati yao, tumbo juu ya ubao, hana pa kupeleka hata kiwiko, anafanya uhalifu mbele ya kijiji kizima. Mara moja Mjomba aliinua kichwa.

"Averil, binti yangu, leo umepiga kasi!"

"Nimezoea, Mjomba."

"Mwacheni," nikadakia, "ana ahadi na mabaharia."

Wote wakacheka. Bibi Zillah, aliyekuwa kwenye kiti akichagua petali na kuzipitisha juu, hakucheka. Nilidhani ni mgongo.

Jumamosi jua liliwaka. Mchungaji Pettifer alibariki, wageni wakasema anga hilo utadhani unaweza kuruka ndani. Averil alisimama nyuma ya watu akitazama mawingu kama mkulima. Jumapili wakati wa ibada mvua ikaanza, tukaisikia kwenye paa la kanisa, nikamwona amefumba macho. Sijui aliomba nini, na nadhani hata yeye hakujua.

Tulipotoka, anga lilikuwa linashuka. Halikuporomoka kwa kishindo, lilijimenya taratibu, kipande kwa kipande, petali za buluu zikimteremkia Nuhu kichwani na kujaa kwenye maji ya kisima. Njiwa akabaki peke yake juu ya tope la kijivu. Mgeni mmoja alitaka kupiga picha, Mjomba Jabez akaizuia kamera yake kwa kofia.

Jumatatu tukaitwa ukumbini. Chai ikamiminwa, keki ya zabibu ikakatwa na jibini juu yake, kama ilivyo desturi yetu. Averil alikaa mstari wa mbele, amevaa koti tayari. Alijua mambo yatakavyokwenda: watu watanuna, sheria itasomwa, anga litahamishwa, mama atapumzika, naye Septemba atakuwa Plymouth, mahali ambapo hakuna wa kumuuliza Lowe yupi.

Mjomba Jabez alisimama, akakohoa.

"Ndugu zangu, sote tumeona. Kilichobaki ni kujua kosa ni la nani."

"La upepo," akasema Maud Mchoro haraka sana. "Mvua ilikuja ya ubavu. Mvua ya ubavu haina dawa."

"Na haidrenja za mwaka huu ni nyepesi," akasema Lowe Mguu Mmoja. "Mimi nilizishika, nikasema hizi ni nyepesi."

"Mchungaji naye alimwaga maji mengi ya baraka," akasema mtu wa nyuma. Mchungaji Pettifer akaangalia kikombe chake.

Ndipo nilipoelewa, na Averil akaelewa, nikauona uso wake ukibadilika. Kama anga likihama, lazima lihamie kwa mtu. Hakuna nyumba pale iliyolitaka. Wangekuwa radhi kumlaumu hata Nuhu mwenyewe kuliko kumwona Averil ana hatia.

Averil alisimama. "Nilianzia juu."

Kijiko kilianguka mahali fulani.

"Nilianzia juu nikashuka chini. Safu zote. Makusudi. Nimeharibu, sheria ni sheria, tunyang'anyeni kazi."

Mjomba Jabez alimwangalia kwa huruma ambayo ingeweza kuyeyusha jiwe. "Mtoto amechoka," alisema. "Maud, mpe chai."

"Sijachoka! Mjomba, nenda kaangalie zile zilizobaki pembeni! Zimelala kinyume!"

"Msichana mwema kabisa. Anabeba lawama ya upepo."

"Moyo wa mama yake," akasema Maud, akimwekea kipande kikubwa cha keki. Watu walimpigia makofi. Nimeona watu wakihukumiwa isivyo haki, lakini sijaona mwingine akinyimwa hukumu kwa mapenzi kiasi kile. Alisimama pale na sahani mkononi, keki juu yake, watu wamemzunguka wakimpapasa mabega, na macho yake yalikuwa ya mnyama aliyefika mwisho wa uchochoro.

"Mwachieni nafasi apumue," ikasema sauti. Ilikuwa ya Bibi Zillah.

Aliinuka kwa awamu, mkono kwenye kiti, mkono kwenye bega la jirani. Hakuwahi kusema neno kwenye ukumbi ule, si alipokuwa msichana, si alipokuwa mke.

"Anasema kweli. Nilimwona tangu safu ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpitishia petali."

"Zillah," Mjomba akasema polepole, "uliona, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini, mama yangu?"

"Mgongo unaniuma, Jabez. Tangu nilipoingia nyumba ile. Kuna siku umewahi kuniuliza?"

Mjomba alianza kukusanya makombo ya keki mezani, naye Bibi Zillah akaendelea.

"Basi tumeharibu, mimi na yeye. Nyumba yangu haina tena anga. Kuanzia leo mimi ni Lowe tu, na Agosti ijayo Bernard atanipeleka pwani nikaloweke miguu. Eti Bernard?"

Bernard Lowe Tu, kule nyuma karibu na mlango, alisema gari lina nafasi.

Sasa hapo anga halikuwa na mwenyewe. Mguu Mmoja aliangalia dari. Maud aliangalia kamba za viatu. Akina Ametoka, Mungu ni shahidi, walikuwa wanatoka. Nyuso zile zote, mbwa mwitu na vilima na wafupi, zimejikunja zisionekane. Nami sikuweza kujizuia. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, mpaka chai ikanitokea puani, na nilipomaliza kujifuta, kila jicho lilikuwa juu yangu, na kila uso ulikuwa umepata nafuu.

"Clem amefurahi," alisema Mjomba Jabez.

"Mjomba, hapana. Mimi ni Udongo."

"Udongo unakanyagwa kwa miguu. Mikono yako huwa inafanya nini?"

"Inashika kikombe," akasema Maud.

Walipitisha kwa kuinua mikono kwamba anga lihamie kwangu. Sijawahi kuona mikono mingi hivyo Wetherlow, hata siku ya kupigia kura maji ya bomba.

Averil aliondoka na basi la Ijumaa. Nilimbebea sanduku mpaka kituoni, na hapo ndipo aliponieleza yote. Alinifundisha na mbinu za kupumua ukiwa kifudifudi. Nilimwambia atakoma na mawimbi. Alisema mawimbi angalau yanapita.

Mimi nimepanda ubao ule kila Agosti tangu siku hiyo. Tumbo langu si la kazi ile. Nikipiga chafya, Maud analia. Nikijaribu kujikuna, Mjomba, ambaye sasa ni mzee kabisa ila ndevu za manabii hamwachii mtu, ananiambia nitulie, naharibu. Watoto wangu wanaitwa Anga shuleni.

Kiangazi kilichopita Averil alikuja kutembea. Alisimama nyuma ya kamba pamoja na wageni, amebabuka na jua, analamba aiskrimu. Aliitazama kazi yangu muda mrefu, kichwa ameinamisha upande.

"Safu ya tatu kutoka chini imepinda," alisema.

"Njoo uinyooshe, basi. Dakika tu. Hakuna anayeangalia."

Aliweka mikono nyuma ya mgongo, yote miwili, aiskrimu ikimdondokea kwenye gauni, akarudi hatua moja.